Bi Nukta na Sidii Isiyokuwepo

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa. Bi Nukta alilisikia la mkuu, akalishika siku tisa, na guu likavunjika vilevile. Siku ya kumi alilipuuza. Ndiyo siku aliyopona.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yuko mezani kwake. Chumba ni cha mbele, kina madirisha mawili na kazi mbili: kulia cherehani ya wifi yake, kushoto kompyuta aliyoinunua kwenye mnada wa ofisi iliyofungwa. Katikati umepita waya wa umeme uliozungushiwa kitambaa chekundu ili usimkwaze mtu.

Anachomeka modemu, kijiti cha plastiki kisichozidi kidole gumba, chenye laini ya simu tumboni. Kwenye kioo inajitokeza picha ya sidii, ile sahani ya CD. Anaibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, anachagua neno la kutoa, kisha anakunja mikono kifuani. Taa ya kijani ya modemu inazimika. Anahesabu kimoyomoyo. Akikaribia thelathini inawaka tena, safari hii buluu, na kompyuta iko kwenye intaneti.

"Imeamka," anasema, kama mtu anayemzungumzia mtoto mvivu.

"Ipe salamu zangu," wifi yake anajibu bila kuinua macho kutoka kwenye upindo wa sketi.

Ni kazi ya dakika moja. Kuijua kulimchukua siku kumi, na nusura kumkoseshe riziki.

Bi Nukta ana miaka hamsini na minane. Amepiga chapa miaka thelathini na mitatu, ishirini na sita kati yake kwa taipureta ofisini, hadi alipopunguzwa kazi pamoja na mashine yake. Mashine hiyo aliibeba nyumbani, na mpaka leo imekaa juu ya kabati kama mgeni wa heshima. Jina alipewa na makarani wenzake, kwa sababu barua isiyo na nukta mwishoni aliirudisha hata kama mkubwa ameshaitia saini.

"Mkubwa alininunia wiki nzima," anakumbuka. "Lakini nukta aliiweka."

Siku hizi mteja wake mkuu ni ofisi ya mawakili ya mji mwingine. Humtumia kwa barua pepe picha za maandishi ya mkono: viapo, wosia, mashauri ya ndoa. Yeye huchapa na kurudisha. Katika kila kurasa tatu anazolipwa, mbili ni zao. Tangu kaka yake afariki, kurasa hizo na pindo za mjane wake, huyo wifi, ndizo zinazolipa pango.

Mawakili wana sharti moja: karatasi zao zisipite kwenye kompyuta ya umma. Bi Nukta alikuwa na sharti hilo kabla yao. Miaka ya nyuma, kompyuta yake ilipogoma, aliuchapa wosia wa jirani katika mkahawa wa intaneti akasahau kuufuta.

"Jioni yake mtaa mzima ulijua nani kapewa shamba na nani kaachiwa kuku," anasema. "Siri ya mtu ni amana. Ukiidondosha haiokoteki."

Ndiyo maana kompyuta yake ya zamani ilipokata roho kabisa, hakukimbilia tena mkahawani. Alinunua hiyo ya mnada, akamwita fundi.

Fundi wa kompyuta wa mtaa huo anaitwa Profesa, jina alilojipa mwenyewe. Alimwekea mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Linux, kwa kuwa ni wa bure na hukimbia hata kwenye mashine kongwe. Hapo alitenda jema, na Bi Nukta hamnyimi sifa yake. Ila modemu ilipochomekwa, badala ya intaneti ikaja picha ya sidii. Profesa alikunja uso, akatoa hukumu mbili. Ya kwanza, modemu hiyo haielewani na Linux, inunuliwe nyingine, na dukani kwake zipo. Ya pili, alama ya kutoa iliyo kwenye picha ile isiguswe kamwe.

"Ukiitoa hiyo, mama, umeiua."

Modemu mpya ilikuwa kurasa mia mbili na sitini. Bi Nukta hupima bei ya kila kitu kwa kurasa: sabuni, dawa, viatu. Mawakili, kwa hisani, walimpelekea kazi moja katika bahasha na kumpa siku kumi. Siku ya kumi, saa sita mchana, kurasa arobaini na sita ziwe zimewafikia kwa barua pepe. Zisipofika, kazi zao zote zingehamia kwa mtu mwingine, bila ugomvi.

Kuchapa kulimchukua siku mbili. Zilizobaki alipigana na modemu.

Mkahawani alikwenda, lakini na daftari tu. Alitafuta watu waliokwama kama yeye, akawapata kwa mamia, wote wakieleza kwa Kiingereza, tena cha watu waliozaliwa ndani ya mashine. Kwa Kiswahili hakukuta hata mstari mmoja. Lugha inayoweza kuozesha, kuzika, kutania na kutukana kwa adabu, eti ikifika kwenye modemu inakosa la kusema. Bi Nukta alinakili kurasa tatu za amri za kuiandikia kompyuta, kwa mkono, alama kwa alama, akarudi nazo nyumbani.

Hapo ndipo utaalamu wake ulipomgeuka. Mpiga chapa aliyefunzwa hasahihishi mswada wa mtu, huchapa kilichoandikwa. Kila amri daftarini ilianza na alama ya dola, naye kila mara alianza na alama ya dola. Mashine ikamjibu kwamba amri hiyo haiijui. Akarudia, polepole zaidi. Akarudia siku mbili.

"Wifi," akasema yule wa kwenye cherehani, "labda inazitaka hizo dola zenyewe."

Kisha ikaja nywila. Kompyuta ilimtaka aandike neno lake la siri, akaandika, na kiooni hapakutokea herufi hata moja. Miaka thelathini na mitatu kila alipobonyeza palitoka kitu. Aliupindua ubao wa herufi, akaukung'uta, akaufuta kwa kitambaa, akabadilisha tundu la waya.

"Nilidhani vidole vyangu vimekufa," anasema, na hapo hacheki.

Siku ya saba alifanya alichopaswa kufanya mwanzo: aliacha kuwa mpiga chapa, akawa msomaji wa prufu, yule anayesaka makosa. Alikisoma kioo herufi kwa herufi, akaona kwamba mwanzo wa kila mstari mashine yenyewe imeshaweka alama ya dola. Yeye alikuwa akiiweka mara ya pili. Aligundua pia kwamba nywila haikupotea. Hujificha makusudi, kama mtu mwenye haya. Akaifuta dola yake, akaandika nywila yake isiyoonekana, na kwa mara ya kwanza mashine ikatii.

Ikamwambia kwamba ili apate intaneti, kuna programu anayotakiwa kuipakua kutoka kwenye intaneti.

"Ni sawa na kufungiwa nje," anasema, "halafu uambiwe ufunguo uko juu ya meza ya chumbani."

Siku ya tisa wifi yake alishusha kutoka darini cherehani ya mkono, ile ambayo marehemu alimnunulia walipooana. Hakutoa hotuba. Aliiweka mlangoni, akasema kuna mtu anaitaka, wauze wanunue hiyo modemu, maisha yaendelee. Bi Nukta aliinuka akairudisha darini. Aliporudi kuketi, machozi yakaanza kumtoka juu ya bahasha ya mawakili.

"Basi usilie juu ya karatasi za watu," wifi yake akamwambia. "Zitalowa."

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, zilibaki saa mbili. Bi Nukta aliitazama ile picha ya sidii, kisha akainua macho juu ya kabati. Taipureta haipokei karatasi mpya mpaka ya zamani itoke kwenye roli. Hilo hakuhitaji kulisoma popote. Na modemu ile haikuwa na sidii. Haina hata mahali pa kuiweka. Sasa inaonyesha nini? Akaona ni kama mashine iliyong'ang'ania karatasi ya jana mdomoni. Akakipeleka kipanya kwenye alama iliyokatazwa.

"Wifi, Profesa kasema utaiua."

"Kwani sasa hivi iko hai?"

Akaitoa. Picha ikatoweka, taa ya kijani ikazimika. Mguu wa wifi yake ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Kisha taa ikawaka buluu, na kwenye kona ya kioo kompyuta ikauliza, kwa upole kabisa, laini hiyo ni ya kampuni gani.

Maelezo yake ni mepesi, ukishayajua. Watengenezaji huipakia modemu programu za mfumo mwingine, kwa hiyo ikichomekwa hujitambulisha kwanza kama sidii yenye programu hizo. Mpaka iambiwe sidii hiyo itoke, haianzi kazi yake halisi. Kompyuta nyingi hulifanya hilo zenyewe. Ya Bi Nukta ilingoja kuambiwa, na inangoja kila asubuhi.

Saa nne na nusu kurasa arobaini na sita zilikuwa zimeondoka. Jibu lilirudi na neno moja, bila nukta: "Tumepokea". Siku hiyo hakulirudisha.

Jioni alichapa maelekezo ya mistari kumi na mmoja, kwa Kiswahili, akayabandika mlangoni. Tangu hapo, kwa hesabu ya daftari lake, watu thelathini na wanne wameingia na modemu zao mkononi, wakiwamo mkunga mmoja, walimu watatu na dereva wa lori. Hatozi kitu. "Elimu hii nimeiokota njiani," anasema, "niiuze kwa nani?"

Profesa hakufurahi. Jumapili moja mchana alikuja, akaketi kwenye kigoda cha wifi, akalalamika kwa staha kwamba amekaidiwa, amechekwa mtaani, na sasa siri za ufundi zimebandikwa mlangoni kama tangazo la chumba cha kupanga. Alisema angetosheka na neno moja tu la radhi. Bi Nukta alimmiminia chai na kumchapia nakala ya maelekezo. Profesa aliinywa chai, akaikunja nakala, akaitia mfukoni.

Sasa Bi Nukta anaandaa kijitabu cha kurasa thelathini kwa ajili ya mtu anayeanza Linux akiwa peke yake chumbani, asiye na wa kumuuliza. Amefika ukurasa wa kumi na tisa. Mstari wa kwanza unasema: Nywila haionekani, vidole vyako havijafa.

Wiki hii Profesa ametuma ujumbe kwamba kama kijitabu lazima kitoke, basi dibaji iwe na sentensi moja ya kumtaka radhi. Wifi wa Bi Nukta anaona si neno, sentensi moja haina uzito, mtaa utulie.

Bi Nukta anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa kanga, kisha ananigeukia mimi ninayeandika habari hizi.

"Nimemwambia aje nimfundishe, bure, hata leo. Ila radhi sina. Nimetoa sidii ambayo haikuwepo, nimewaonyesha wenzangu, basi. Andika kama nilivyosema, usinilainishie. Siombi radhi."