Nilivyombomolesha Mkunga Chumba Chake

Siku zile nazikumbuka, mwanangu, hata kwa uchovu huu nilio nao. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, na masika yalikuwa yamekaribia Nakuru. Mimi nilikuwa karani wa baraza la mji, nimerudi majuzi tu kutoka chuo kikuu na shahada yangu ya uchumi.

Mtaani Bondeni kulikuwa na mkunga, Bi Zainabu, aliyezalisha wanawake katika chumba cha udongo uani kwake. Madiwani walipitisha kwamba pale pale pajengwe chumba cha mawe. Nilishindwa kutulia. Niliwaza: kiwanja kisipokuwa wazi, mkandarasi atapelekwa mtaa mwingine, na akienda huko harudi. Niliwaza kila jambo isipokuwa lile moja lililotakiwa. Nikamwambia abomoe. Akabomoa, kwa kuwa aliyesema ni msomi.

Wiki mbili baadaye ikaja barua: ujenzi usianze. Nikaenda kwake nikiburuta miguu.

"Madiwani wamegeuka?" aliniuliza.

"Hapana, Bibi. Nairobi ndiyo haijakubali."

"Nairobi inangoja nini?"

"London. Mkopo unatoka kule, na wamesema makoloni yapunguze matumizi."

"Si Nairobi wachapishe noti zao wenyewe!"

"Hawawezi. Kila shilingi inayotolewa huku lazima iwe na thamani yake ya pauni iliyowekwa akiba London."

Alicheka, cheko lisilo na furaha. "Kumbe haya yote ulikuwa unayajua?"

"Niliyasoma, Bibi."

"Uliyasoma, ukaniacha nibomoe. Haya, msomi, vua koti uje ukanyage udongo."

Nilikanyaga siku tatu. Kabla hatujaezeka, mvua ikashuka, na mke wa fundi baiskeli akashikwa na uchungu. Alijifungulia chini ya turubai, maji yakipita miguuni mwa Bi Zainabu. Mtoto alikuwa mzima. Mama aliugua homa majuma mengi, nami nilipita mlangoni kwao nikitazama chini. Chumba cha mawe sikukiona kikijengwa.

Leo tuna bendera na benki kuu yetu, na bado nawasikia ninyi vijana mkiwaahidi watu barabara na hospitali kana kwamba bajeti ni neno la mtu mmoja. Sivyo, mwanangu. Wakopeshaji wa ng'ambo wana masharti yao, bei ya mafuta haipangwi hapa, na wanasiasa wana kura zao za kulinda. Sisemi ukate tamaa. Nimechoka, lakini si kiasi hicho. Kabla hujamwahidi mtu, uliza nani anatia sahihi ya mwisho, kisha umwambie huyo mtu waziwazi kwamba bado haijatiwa. Wala usimwondolee alicho nacho kwa sababu ya kitu ambacho bado kiko kwenye karatasi.

Mungu akupe kazi yenye manufaa, na akujalie neno ambalo watu wanaweza kuliegemea wasianguke.