Siku Ubongo Wangu Ulipokosa Network

Hii habari sipendi kuisimulia mke wangu akiwa karibu, maana akianza kucheka hamalizi, na chai inaharibika. Lakini leo yuko Naivasha kwa dadake, kwa hivyo sikizeni.

Ilikuwa 2008, miezi kadhaa baada ya zile fujo za uchaguzi za Januari. Nilikuwa mwalimu wa hesabu karibu na Kiamunyi, na nilikuwa nimeanza kusahau. Namwita mtoto wa darasa la saba kwa jina la babake (babake pia nilimfundisha), nashika chaki halafu sijui nilitaka kuandika nini, na mama yangu mzazi alituacha akiwa halijui hata jina langu, basi nikaamini zamu yangu imefika. Sikumwambia mtu yeyote, hata mke.

Ndipo ikatangazwa kanisani kwamba watafiti wa chuo kikuu watakuja Jumamosi na kofia ya kupimia ubongo kwa mwanga, na wanatafuta watu wa kujitolea wasiozidi miaka hamsini. Mimi nilikuwa na hamsini na sita na kichwa cheupe kama unga. Sasa mtu mwenye akili angekaa nyumbani. Mimi Ijumaa jioni nikapitia kwa Kamau kinyozi, nikamwambia asininyoe, anipake tu rangi nyeusi, na apake mara mbili. (Akapaka mara tatu. Kamau hajui kubania mteja.)

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Daktari Chebet, msichana mpole wa miwani, akatueleza kwamba vitaa vya kofia vinatoa mwanga unaopenya ngozi na mfupa, unaonyesha damu ikipanda na kushuka kwenye ubongo, na sehemu zinazopanda na kushuka pamoja ndizo zinazofanya kazi pamoja. Kompyuta yake ilikuwa inaonyesha kila kitu ukutani, kila sehemu kidoti, na mstari kati ya zile zinazofanya kazi pamoja. Mwenye duka la mbegu alipokaa, tukaona vidoti vyake vimeunganishwa kwa mistari mingi, watu wakapiga makofi. Kamau mwenyewe akakaa, mistari tele.

Kisha mimi. Nikaandika miaka arobaini na nane, nikavaa kofia, nikafunga macho kama nilivyoambiwa. Nilipoyafungua, ukutani kulikuwa na vidoti peke yake. Mstari hata mmoja hakuna.

"Hapa hakuna connection kabisa," daktari akamnong'oneza mwenzake, na ukumbi ulivyokuwa kimya, sote tulisikia.

"Mwalimu, network imekata," mtu akasema huko nyuma, na wakacheka. Nikasimama na nyaya zangu kichwani, nikawaambia ni kweli, nimekuwa nikisahau tangu Januari, nikamwomba mke wangu, aliyekaa pale mbele, msamaha kwa kumficha, nikamkabidhi mwenyekiti wa kwaya ufunguo wa kabati letu mbele ya watu wote, nikasema watafute mtu mwenye ubongo. Mama mmoja akaanza kuniombea kwa sauti. Wengine wakadakia.

"Lakini daktari," ilikuwa sauti ya Kamau, katikati ya maombi, "si inaweza kuwa ni ile rangi nilimpaka jana?"

Maombi yakakatika hapo hapo.

Chebet akainua kofia, akaangalia vidole vyake vilivyokuwa vyeusi. "Mzee, hii rangi inameza mwanga wote. Haujafika hata kwa ngozi." Halafu akaangalia ile fomu, akaniangalia. "Na miaka?"

Nikaitaja ya kweli. Mke wangu akajifunika uso kwa leso.

Kamau akakimbia kuleta mashine, akaninyoa pale pale kwenye jukwaa, upara kabisa, na kofia iliporudi, mistari ikatokea ukutani, huku na huku. Nawaambia nililia. Chebet akasema vipimo vyangu hawezi kuvitumia kwa sababu ya umri, na kwamba kofia hiyo haimwambii mtu kama ni mgonjwa. "Kwa huko kusahau, nenda hospitali, mzee."

Mke wangu akanishika mkono tukitoka. "Kumbe ulikuwa unaogopa peke yako miezi yote hii," akasema, na hakucheka (kicheko kilianza Jumapili).

Jumatatu alinipeleka mwenyewe. Daktari wa hospitali akanipima, akaniuliza maswali mengi, mwisho akauliza nalala vipi. Nikamwambia tangu Januari nalala na viatu miguuni, nikisikiliza lango. Akaweka kalamu chini. Akasema hauoni ugonjwa wa mama yangu, anaona mtu ambaye hajalala nusu mwaka.

Ilichukua muda, lakini majina ya watoto yalirudi, na ufunguo wa kabati nilirudishiwa. Rangi sitapaka tena hadi nizikwe, na nikiogopa kitu sasa namwambia mke wangu kwanza, hata kama atacheka. Viatu vyangu vinalala mlangoni.