Mkwe Nyuma ya Mlango

Kwetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Akiingia huku, wewe unatokea kule. Na mke huyo jina lako wewe mkwewe halitamki kabisa. Mjini Mbeya siku hizi wengi wamelegeza, lakini mkwe wangu, mke wa mwanangu, Mhehe wa Iringa ambaye hakuzaliwa na mwiko huu, aliushika kuliko sisi wenyewe. Mke wangu alimfundisha mara moja tu, ikatosha.

Taabu ni kwamba katika ukoo wetu mzima, aliyejua kompyuta alikuwa yeye.

Yangu ilikuwa imejaa virusi. Unaiwasha, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inawaza. Fundi wa mjini aliniwekea mfumo wa kuchakachua, na kila asubuhi ukanidai leseni kana kwamba mwizi ni mimi. Mle ndani nilikuwa naandika kumbukumbu zangu za miaka ya sabini: ualimu kule Nyololo, lami ilipofika, watu walipohamishiwa vijijini, na mwanangu wa kwanza, niliyemzika huko akiwa hajatimiza miaka miwili. Habari zake sikuwahi kumsimulia mtu. Nilizichapa kwa vidole viwili, kwa miaka mitatu.

Mkwe alikuja kututembelea na ndoo ya nyanya za Ilula. Nikiwa chumbani nikamsikia akimweleza mke wangu kwamba uko mfumo wa bure, unaotengenezwa na watu wa dunia nzima, kila mtu ruksa kuufungua na kuurekebisha, na hakuna anayekudai leseni. Nikatuma jibu kwamba cha bure hakikosi walakini.

"Na hicho ulichouziwa kinakwenda?" mke wangu akaniuliza. Nikamwambia basi, ajaribu.

Asubuhi yake nikatoka nikakaa migombani ili mkwe apate kuingia. Mke wangu akawa anapeleka maneno na kuyarudisha.

"Anauliza kama kazi zako umezihifadhi pengine, maana ndani kunafutwa kote."

"Mwambie ziko kwenye flashi."

Akaenda, akarudi. "Anaomba umwonyeshe."

"Nimwonyeshe vipi, nikakae naye meza moja? Nimeshasema ziko."

Kumbe nilichokuwa nimenakili kwenye flashi ni kile kipicha chenye kimshale, ninachokibonyeza kila siku kufungua kazi yangu. Kazi yenyewe ilikaa kwingine, mlemle ndani ya kompyuta. Nilibeba kibao cha njia nikidhani nimebeba nyumba.

Mchana kompyuta ikawa nyepesi, inawaka hata maji hayajachemka. Mkwe alipokwenda jikoni nikaingia, nikachomeka flashi, nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena na tena. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikafoka hadi jikoni wakasikia. Nikamlaani fundi, nikaulaani mfumo, na mkwe nikamwita mharibifu. Halafu nikakaa. Hasira hasara, na hasara hii niliitengeneza mwenyewe nilipokataa kumwonyesha. Niliona nimemzika mwanangu mara ya pili.

Jioni mke wangu akaja. "Anasema, ukikubali, wewe useme na yeye aandike. Ameomba kwa mumewe abaki wiki mbili."

Basi mimi nikakaa chumbani, mlango umerudishwa, yeye sebuleni kwenye kompyuta. Nikisema sentensi, namsikia akichapa kwa vidole vyote kumi, halafu anagonga meza mara moja kunijulisha yuko tayari. Tulikwenda hivyo siku kwa siku. Tulipofika kwa mtoto, nilikwama katikati ya sentensi. Nikamsikia akipenga kamasi. Halafu akagonga meza polepole, nami nikaendelea mpaka nikamtaja mwanangu kwa jina.

Aliporudi Iringa nikaiwasha. Kompyuta nzuri, haikuniomba leseni. Mahali pa jina la mtumiaji alikuwa ameandika "Mwenye Nyumba". Nikacheka peke yangu. Nikafungua kazi. Kila palipo na mtu anayeniita kwa jina, mama yangu, mwalimu mkuu, wanafunzi, alikuwa ameacha nafasi yenye nukta. Nikaanza kujijaza mwenyewe, nafasi moja baada ya nyingine, kwa vidole vyangu viwili.

Nikafika ukurasa wa mazishi, nikatazamia nukta hapo pia, maana marehemu naye ni wa ukweni kwake. Hazikuwapo. Jina la mwanangu aliliandika lote, na pembeni yake akaongeza neno moja ambalo mimi sikulisema: shemeji.