Dua Haina Muhuri

Juzi nilipanga foleni kwenye ofisi ya mafao hapa Kibiti, bahasha kwapani. Mbele yangu alisimama mzee wa kisiwani Maparoni, suruali bado imekunjwa magotini, maana boti ilimshusha kwenye tope. Alikuwa mlinzi wa ghala la korosho miaka kumi na minane. Sasa anafuata akiba yake.

"Barua ya kuachishwa kazi iko wapi, mzee wangu?" akauliza binti wa dirishani.

"Barua ya nini tena? Tajiri alikuja nyumbani na mkewe. Tukala, tukasoma dua, tukaombana radhi. Akanishika mkono, akalia."

"Dua naiheshimu, mzee. Ila haina muhuri."

Mzee akamkodolea macho kama mtu aliyeambiwa ndoa yake batili. "Kwa hiyo nirudi nikamwambie aniachishe kwa maandishi, baada ya kulia vile?"

Binti akaweka kalamu chini, akaomba namba ya tajiri, akapiga mwenyewe.

Ikafika zamu yangu. Barua yangu ina mihuri miwili na sahihi tatu, ikapita bila swali. Siku yangu ya mwisho kazini, nilikabidhiwa barua hiyo na mlinzi, getini.