Jina Lililoitikiwa Bondeni

Duka langu lipo Kilwa Masoko, hatua chache kutoka sokoni. Nauza mikeka, vikapu na makawa ya kufunikia chakula, vyote vimesukwa na akina mama wa milima ya Matumbi. Watu wa hapa mjini hunicheka: pwani yote hii imejaa miyaa na minazi, mimi nakwenda kutafuta nini milimani? Huwa siwajibu vizuri, maana Mungu hakunijalia subira. Nawaambia waukalie mkeka kwanza, halafu ndio tuzungumze.

Nikiwa na hali nzuri naeleza. Ukindu wa kule unaota kwenye bonde moja lenye chemchemi, na miti ya bonde lile ingekwisha kuwa mkaa zamani kama akina mama wasingekuwa wanashuka kila wiki kukata majani yao. Mchoma mkaa hapendi kufanya kazi mbele za watu. Na akina mama wenyewe wana kanuni zao: kila mkindu unatolewa majani mawili ya nje, moyo hauguswi, na aliyekata moyo hashuki tena bondeni mwaka mzima. Mimi nami nikaweka yangu, kwamba mkeka wa aliyekata moyo siununui. Ndiyo biashara yangu yote hiyo, wala si kubwa.

Msukaji wangu bora alikuwa mwanamke wa rika langu. Jina lake sitalitaja, na sababu nitaieleza. Tulianza kama muuzaji na mnunuzi, tukaishia kulala kitanda kimoja kila nilipokwenda kwao, tukisengenya waume na wakwe mpaka mmoja apitiwe na usingizi. Nikishapita Miteja na kuacha lami, nikiwa juu ya bodaboda na vumbi mdomoni, nilikuwa nakwenda kwake zaidi ya kwenda kwenye mikeka. Nilimpenda. Sina neno jingine.

Siku ya kwanza aliponishusha bondeni alinipa sharti moja. Kule mtu haitwi jina. Ukimtaka mwenzio, unagonga shina kwa ubapa wa panga mara mbili, naye anakujibu kwa kugonga. Ukisikia jina lako linaitwa, nyamaza.

"Na nikiitika?" nilimwuliza.

"Ukiitika mwenyewe, nafuu. Kibaya ni kuitikiwa na mwingine."

Nikacheka, nikamwambia sisi Masoko tunaitana majina hata mlangoni mwa msikiti. Yeye hakucheka, na kwa mtu mwenye mizaha kama yeye ningepaswa kuliona hilo.

Kosa nililifanya mwaka ule nilipoanza kufunga vikaratasi kwenye mikeka. Wateja hupenda kujua kitu kimetoka mikononi mwa nani, basi kila mkeka niliuandikia jina la aliyeusuka na jina la baba yake. Siku moja nilishuka na wasukaji bondeni nikiwa na orodha yangu na kalamu, bila panga. Wenzangu walinitangulia kwenye mikindu, mimi nikabaki kwenye chemchemi kuosha miguu. Ilikuwa adhuhuri, wingu limetanda, na nilitaka tupande kabla mvua haijafanya njia kuwa utelezi. Nikapiga makofi, kimya. Nikagonga shina kwa kiganja, kimya. Hasira zikanipanda, si mnanijua. Nikaitazama orodha, nikaita jina lake lote, lake na la baba yake, kama karani anavyoita watu barazani.

Nikaita mara ya pili. Mara ya tatu akaitika.

"Abee."

Sauti ilikuwa yake. Mtu asinibishie, nimelala na mwanamke yule chumba kimoja miaka. Ilitoka nyuma ya mikindu, upande wa chini penye maji, hatua kumi hivi kutoka niliposimama.

"Njoo basi, tumechelewa," nikasema.

"Abee," ikarudia, kwa adabu ileile.

Nikaifuata. Nilipoyapita majani nikakuta kidimbwi na tope laini pembeni yake, na tope lile halikuwa na alama ya mguu wa mtu wala wa mnyama. Vyura waliokuwa wakitupigia kelele tangu tufike walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja. Ndipo niliposikia panga likigonga shina mara mbili, mbali, juu kabisa ya mteremko, nyuma yangu.

Nilipanda mbio, kanga mkononi. Niliwakuta wote saba wamekaa chini na mafungu ya majani magotini. Shangazi yake, ambaye ndiye mkubwa wa wasukaji, alikuwa amemziba rafiki yangu mdomo kwa kiganja. Walinisikia nikiita. Na ile sauti iliyoniitikia, waliisikia pia. Shangazi alipoondoa mkono, rafiki yangu aliniuliza taratibu, "Ulikuwa unazungumza na nani?"

Nikaikunja orodha, nikajifunga kanga yangu. Tukapanda hadi kijijini, na usiku ule nililala peke yangu kwenye chumba cha wageni.

Baada ya wiki mbili binti yake alinipigia simu dukani. Mama yake alikuwa haitiki jina. Ukimwita mama, anageuka. Ukimwita dada, anageuka. Jina lake ukilitaja anaendelea na alichokuwa akifanya, hata ukimtajia sikioni. Walimpeleka zahanati, mwuguzi akamwita mara tatu kwenye foleni, yeye kakaa tu mpaka benchi likaisha watu. Masikio yakapimwa, yakaonekana mazima. Nikamwambia binti ni uchovu. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimeogopa mno.

Simu ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Sasa alikuwa hageuki hata akiitwa mama. Kusuka kaacha, chakula anakula tu ukimwekea tonge mkononi, na kila siku inavyokwenda anapungua. Bondeni hakuna aliyeshuka tena, na asubuhi ile walikuwa wameona moshi huko chini. Bonde nilikuwa nimelihangaikia miaka, lakini Mungu anisamehe, moshi ule haukuniuma hata kidogo. Nilitaka rafiki yangu asife.

Nikapanda mlimani, nikamkuta shangazi anachambua mchicha uani. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nilikuwa nakungoja wewe."

Akanieleza bila kuacha kuchambua. Jina lile lilikuwa limepata mwenyewe mwingine, na kila linapotajwa linamvuta rafiki yangu kwenda kwa huyo mwingine. Dawa yake ni moja, jina likatwe, na anayelikata ni yule yule aliyeliita.

"Nalikataje?"

"Unatangaza msiba wake. Kulekule ulikomwita. Ukishautangaza, yeye atapewa jina jipya, na lile la zamani hatalisikia tena katika kinywa cha mtu. Akilisikia, tumempoteza."

Mimi nimelelewa katika nyumba ya dini, nimesoma chuoni mpaka nikahitimu Kurani, nilijua vizuri naombwa dhambi gani. Nilirudi Masoko nikakata vikaratasi vyake vyote vilivyokuwa dukani, nikavichoma. Kesho yake nikarudi mlimani, nikasoma Ayatul Kursi njia nzima, na bado nikashuka.

Saa sita mchana, jua kali. Shangazi alinyunyiza unga mweupe wa mtama ukingoni mwa kidimbwi, akarudi nyuma. Nilibaki mbele peke yangu. Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu, amejitanda kanga mbili, binti yake amemshika kiuno, na wasukaji wengine wamewazunguka. Nilimsikia anavyopumua. Nilifungua mdomo, nikageuka kumtazama. Shangazi akasema, "Usipoutangaza msiba leo, wiki ijayo utautangaza kweli."

Nikalitaja jina lake lote, na la baba yake, nikasema mwenye jina hilo amefariki dunia. Nikasema mara ya pili. Mara ya tatu, kabla sijafika mwisho, mtu akaanza kulia.

Alilia upande wa pili wa maji, nyuma ya mikindu. Kilikuwa kilio cha mwanamke aliyefiwa. Nilitaka kukimbia, lakini akina mama nyuma yangu wakakipokea kilio kile kama kinavyopokewa kwenye msiba wowote, na upande wa pili kukanyamaza. Rafiki yangu naye alikuwa akilia pamoja nao, akijililia mwenyewe. Mimi nililia kuliko wote. Kinywa changu kilikuwa kimeshayasema, na moyo ukaamini.

Shangazi akamnong'oneza jina jipya sikioni, kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. Jioni ile alikula ugali na kisamvu mpaka akaongeza, akawagombeza wanawe, akauliza nani kaacha ungo nje. Kesho yake wanawake walishuka bondeni, na waliokuwa wakichoma mkaa walishakimbia, wameacha hata masufuria yao. Sikuuliza walichosikia ni nini.

Mimi nilikwenda kumuaga asubuhi hiyo. Nikamwita kwa jina jipya, akageuka mara moja akatabasamu. "Karibu mgeni. Umetoka mbali?"

Nikajua ananitania, nikasimama nikingoja acheke. Alinivutia kigoda, akaniuliza natokea ukoo gani na nimefikia kwa nani. Nilimtazama shangazi.

"Watu wote anawakumbuka," shangazi aliniambia pembeni. "Lakini wewe ndiye uliyemzika. Na maiti hamjui aliyemzika."

Ni miaka kadhaa sasa. Bado nanunua mikeka yake, mizuri tu, na bado ananiita mgeni. Mwezi uliopita alishuka Masoko kwa mara ya kwanza, yeye na shangazi, kuleta mzigo. Alizunguka duka langu akipapasa hiki na kile, akasimama mbele ya mkeka niliouning'iniza ukutani na ambao siuuzi. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Huu kasuka nani?"

"Rafiki yangu," nikasema. "Amefariki."

"Inna lillahi. Alikuwa na mkono huyu." Akapitisha kidole kwenye mshono. "Alikuwa anaitwa nani?"

Mlangoni, shangazi aliweka mzigo chini, akanitazama.

"Nimelisahau jina lake," nikasema.

Akanigeukia, na usoni mwake nikaona amechukizwa nami kwelikweli. "Rafiki yako, mgeni? Umemsahau hata jina?" Akatikisa kichwa, akamwombea marehemu rehema, akaenda kumsaidia shangazi yake kuingiza mikeka.