Kitambaa cha Meza Kuu

Mpunga unapoanza kushika maziwa hutoa harufu ambayo sijaipata mahali pengine popote, harufu tamu kidogo, ya kijani, imechanganyika na ya tope la bonde lililokwisha kukauka juu huku chini bado limelowa. Nilipokuwa mtoto niliipenda kuliko harufu ya chakula. Siku hizi nikipita njia ya Mkula msimu huo, dirisha la gari likiwa wazi na harufu ile ikaingia, kitu cha kwanza kunipanda ni hasira. Ndugu zangu husema nina kinyongo, kwamba mambo ya zamani niyaache yalale. Nitayaachaje yalale wakati hakuna aliyewahi kuyaamsha? Familia yetu imekubaliana, bila hata kukaa kikao, kwamba hakuna kilichotokea.

Nililelewa Michenga kwa bibi, mzaa mama, kwa kuwa mama yangu alikuwa akifanya kazi mbali. Aliyenilea hasa ni mama mdogo Leokadia, mdogo wake mama, msichana mrefu mwenye sauti ya kwaya na vidole visivyotulia. Msimu ninaousema ni wa kuamia ndege. Asiyelima mpunga pengine hajui: punje zikiwa bado laini, kwelea kwelea hushuka kwa makundi na kuzifyonza, na kama hupo shambani jua linapochomoza, utavuna makapi. Kwa hiyo katikati ya shamba hujengwa dungu, kichanja cha miti kilichoezekwa nyasi, na mtu hukaa humo mchana kutwa na kombeo lake, mabonge yake ya udongo na kamba ndefu zilizofungwa makopo. Anavuta kamba, anapiga kelele, anapumzika, anaanza upya. Watu wengi waliiona kazi hiyo kama adhabu. Mama mdogo aliigeuza kuwa sikukuu, na likizo ile, pamoja na kila Jumamosi iliyofuata, nilikuwa mgeni rasmi.

Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mkula, fundi baiskeli, mpole, asiyehusika kabisa na hasira yangu. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya mavuno. Basi tulipanda dunguni na vitu vitatu: chungu cha uji, kapu la nyuzi na kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya mapenzi isiyo na jalada, kimepita mikono mingi, na kurasa za mwisho mtu alikuwa amezifungia karanga. Mimi nilisoma kwa sauti, yeye akafuma. Nikikosea neno alinisahihisha bila kuinua macho. Ndege wakitua aliniacha nimalize sentensi kwanza, ndipo avute kamba, kwa sababu, alisema, hata kwelea wanapaswa kuwa na subira. Tulipofika pale kitabu kilipokatika, yeye ndiye alikuwa kurasa zilizobaki. Alitunga mwisho, kila mara mwingine, na kila mwisho ulikuwa na harusi. Hakuishia kusema tu kwamba walioana. Alieleza nani alipika, wageni walikaa wapi, kama mvua ilinyesha, maharusi walipewa maji ya kunawa na nani, na meza yao ilitandikwa nini. Nilikuwa nikicheka hadi ndege wanatushtukia. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba hakuwa akinipigia hadithi. Alikuwa akipanga.

Meza yao ilitandikwa nini: hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Wasichana wote wa rika lake walifuma vitambaa vya makochi, vya redio, vya kufunikia mtungi. Mama mdogo alikuwa anafuma kitambaa cha meza kuu, kile ambacho yeye na mume wake wangekaa mbele yake na watu wote wakakitazama. Alikuwa na sindano ya kufumia, ile yenye ncha iliyopinda kama ndoano, imeng'aa kwa kushikwa. Katikati alifuma maua kama wengine, lakini kwenye pindo hakutaka maua. Alichuma suke la mpunga, akaliweka kwenye paja, akalitazama, akafuma, akafumua, akafuma tena, mpaka suke likatokea kwenye uzi, limeinama upande kama linavyoinama shambani likiwa limejaa. Hakuna aliyemfundisha hilo. Aliponiuliza linafanana na nini nikamwambia mpunga, alinikumbatia hadi nusura tuanguke wote wawili kutoka dunguni.

Uzi ukiisha tulikwenda Ifakara, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kununua ni starehe hata kwa mtu asiye na kitu. Tulivaa vizuri. Tuliingia kila duka la nyuzi pale sokoni, hata lile tulilojua hatutanunua. Hakuutazama uzi ndani ya duka. Aliutoa nje, akauinua juani, akaulinganisha na kipande alichobeba, akausugua shavuni kwangu na kuniuliza kama unawasha. Aliutaka mweupe wa maziwa ya yule jirani yetu Msukuma aliyekuwa akipita dunguni na vibuyu vyake asubuhi, wala si mweupe wa chaki. Muuza duka mmoja alimwambia, "Dada, nyuzi zangu utazimaliza kwa macho." Akamjibu, "Macho hayafumui, kaka yangu. Nipe ule wa juu kabisa." Mpaka leo nikiingia dukani natoa kitu nje nikione juani, na wauzaji hawanipendi.

Mavuno yakaisha, na mipango ikahamia mjini. Kaka mkubwa wa mama na mama mdogo, mjomba Fidelis, alikuwa na kazi ya ofisini Ifakara na nyumba yenye uwanja, kwa hiyo akawa mwenyekiti wa kamati ya harusi, na kamati ikajaa watu wa ofisini kwake. Mama mdogo alikwenda kwenye kikao na mimi nikiwa nimemshika mkono. Alikuwa na harusi nzima kichwani, ameitengeneza msimu mzima, kuanzia maji ya kunawa hadi wimbo wa kuingilia. Alisalimia, akakaa kwenye mkeka, akasubiri waulize. Hawakuuliza. Alipofungua mdomo mwenyewe na kusema, "Kaka, kuhusu meza," mjomba alicheka kwa upendo kabisa, na upendo huo ndio unaonichoma, akasema, "Leokadia, wewe kazi yako ni kupendeza tu siku hiyo. Mengine tuachie." Wajumbe wakapiga makofi. Tukarudi Michenga. Njiani aliniambia kuwa haidhuru, kitambaa watakiweka tu, nani atakataa kitambaa?

Asubuhi ya harusi alikipiga pasi ya mkaa mwenyewe, akiwa na nywele zilizokwisha kutengenezwa, akanikabidhi kikiwa kimekunjwa ndani ya khanga. Yeye angekwenda kanisani, mimi nitangulie uwanjani kwa mjomba nikitandike kabla maharusi hawajafika. Nilikibeba kama mtoto mchanga. Nilipofika, nilikuta mpambaji aliyeletwa kutoka Morogoro ameshafunika meza kuu kwa kitambaa cha kukodi cha zambarau, cha kung'aa, kilichojaa mikunjo. Nikamwendea mjomba, nikamwamkia, nikamweleza. Alikuwa anakimbizana na watu wa viti. Alikichukua kitambaa mikononi mwangu, akatoa ile khanga akanirudishia, akakiweka juu ya kiti cha plastiki, akasema, "Sawa, kiache hapo kwanza." Nikasimama karibu na kiti kukilinda. Nilikuwa na uzoefu wa kulinda.

Kisha masufuria yakaiva. Wapishi wakaita kutoka nyuma ya nyumba kwamba pilau iko tayari na hawana tambara la kushikia, masufuria ni ya moto. Mjomba akageuka huku na huku, mkono wake ukafika kwenye kiti. Nilipiga kelele. Nilisema, "Mjomba, hicho ni kitambaa cha mama mdogo! Ni cha meza!" Na yeye, bila ukali wowote, akinipita, akasema, "Mtoto, wageni wana njaa." Akakirusha. Wanaume wawili wakakikamata, huyu upande huu na yule upande ule, wakanyanyua nacho sufuria jeusi kwa masizi, mafuta yakichuruzika pembeni. Msimu mzima wa vidole vya mtu, na kilichotakiwa kilikuwa tambara.

Alikiona. Hilo ndilo watu hawalijui. Maharusi waliingia, wakaketishwa, nikamwona akishusha mkono polepole juu ya ile zambarau, akiipapasa kama mtu anayetafuta kitu gizani. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia masufuria, na yeye akafuata macho yangu. Wakati huo walikuwa wanapita na sufuria la pili, na masuke yake ya mpunga yakining'inia meusi chini ya mkono wa mtu. Akainamisha kichwa na machozi yakaanza kudondoka kwenye gauni. Na unajua akina mama walifanya nini? Walipiga vigelegele. Walisema bibi harusi ana adabu, analia uchungu wa kuagana na kwao, mwacheni alie, ndivyo inavyotakiwa. Mshereheshaji akaomba apigiwe makofi kwa machozi yake. Nimehudhuria harusi nyingi tangu hapo, na bibi harusi akilia mimi sipigi kigelegele hata nikisukumwa. Natamani kumuuliza, dada, umenyang'anywa nini?

Bibi alikiokota kesho yake chini ya masufuria yaliyolowekwa. Alikichemsha, akakisugua kwa majivu na sabuni ya mche, akakianika nyasini. Mafuta yalitoka. Masizi yalibaki, doa kubwa kama sahani, kwenye pindo hasa. Tulipompelekea Mkula, mama mdogo alikitazama kwa muda mfupi tu, akaniambia, "Kaa nacho wewe, Tina. Mimi sikitaki." Akaanzisha genge lake pale barabarani, ndizi na nyanya, na biashara ikamkubali. Sijawahi kumwona na sindano tena. Likizo moja nilikwenda kwake na kile kitabu chetu. Nilikisoma nyuma ya genge, akinisikiliza huku akipanga nyanya mafungu, na nilipofika pale kilipokatika, nikasubiri atunge mwisho. Akaniangalia. "Si kimeishia hapo?" akasema. "Basi, kimeishia hapo." Siku hiyo ndipo nilipoelewa kilichochukuliwa, na ndipo nilipoanza kukasirika kwa ukamilifu. Kitambaa kinaweza kufumwa kingine.

Mwaka huu binti wa mjomba Fidelis, binamu yangu Joyce, anaolewa, na mimi ni mjumbe wa kamati. Mwenyekiti ni mjomba yuleyule, sasa mstaafu mwenye fimbo. Harusi inapangwa kwenye kundi la simu, picha zinamiminika usiku na mchana, na Joyce anachagua kila kitu mwenyewe, kuanzia rangi ya sare hadi vijiko, na baba yake anaitikia kila kitu. Sina kinyongo naye. Ninamtazama akipitisha kidole kwenye kioo cha simu, macho yamemtoka, namwona mwenzake wa dunguni. Ila wiki iliyopita, kikao kikiwa sebuleni kwa mjomba, Joyce alituonyesha picha ya meza kuu iliyotandikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Ndicho cha kisasa, alisema, vile vya kung'aa ni ushamba siku hizi. Mjomba akajipiga gotini kwa kiganja. "Si shangazi yako Leokadia alikuwa fundi wa hivyo? Mpigie akufumie."

Joyce akapiga, akaiweka simu mezani wote tusikie. Akamwamkia, akaeleza kwa madaha ya mtoto anayependwa. Upande wa pili tulisikia malori yakipita barabarani. Kisha sauti ya mama mdogo, tulivu: "Marahaba, mwanangu. Hongera. Mwambie kaka mimi nilishafuma. Kipo kwa Tina." Akakata.

"Kumbe kipo tayari!" mjomba alifurahi kweli. Nyumbani kwangu si mbali, nikaenda, nikarudi nacho, nikakitandaza kwenye meza ya sebuleni mbele ya kamati. Watu walishusha pumzi. Joyce alifuata masuke kwa kidole, akauliza mtindo huu umetoka wapi, mbona kwenye simu haupo. Mjomba akavaa miwani, akainama, akakisifu: kazi safi, kazi ya mtu mwenye akili. Mkono wake ukasafiri juu ya maua, ukateremka hadi kwenye pindo, ukasimama.

"Ila hili doa," akasema, "ni la nini?"

Nilimtazama usoni. Nilitafuta hata chembe ya kujifanya, nikaikosa. Mzee alikuwa anauliza kwa moyo mweupe. Mimi nimelibeba doa lile tangu utoto, mwenzangu ameacha kufuma, ameacha kutunga mwisho wa hadithi, na yeye hata hakuwa na haja ya kusahau, kwa kuwa hakuwahi kuona.

"Wageni walikuwa na njaa, mjomba," nikasema.

Hakuelewa. Akaendelea kulisugua doa kwa kidole gumba, taratibu, kama linaweza kutoka. Nikamsubiri aondoe mkono, nikakikunja kitambaa, nikaondoka nacho.