Aliyewafundisha Kuogelea Watoto wa Igogo

Ukifika Igogo Jumamosi asubuhi ukamuulizia Odeta binti Zadok, hakuna atakayekuelekeza kwenye nyumba. Watakuambia shuka ziwani, fuata makelele ya watoto.

Odeta ni mwanamke anayekaribia miaka arobaini, mpana wa mabega, mwenye sauti inayofika mbali hata asipoipandisha. Siku za kazi anakaanga samaki aina ya sato kando ya barabara. Jumamosi anazima jiko mapema na kuwafuata watoto wanaomsubiri ufukweni, kila mmoja amekumbatia dumu tupu la mafuta ya kula lililofungwa vizuri. Anawafundisha kuogelea.

Alianza baada ya Selina, binti wa jirani yake, kuzama alipokwenda kuteka maji, karibu kabisa na nyumbani kwao. Msibani Odeta aliwasikia watu wakisema siku ya mtoto ilikuwa imefika. Hakubishana nao mbele ya mfiwa. Lakini matanga yalipoisha alipita nyumba kwa nyumba akiomba apewe watoto, wasichana kwanza, kwa sababu ndio wanaotumwa maji.

Haikuwa rahisi. Wapo waliosema mtoto wa kike kuonekana ziwani amelowa ni aibu, naye akawavalisha wote fulana pana na kaptula. Wapo walioogopa kichocho. Akatafuta sehemu yenye changarawe, mbali na matete yanayoficha konokono wa ugonjwa huo, na yeye mwenyewe akawa anawapeleka watoto zahanati kupimwa. Habari zikaenea, mpaka watoto wa nyumba zenye mageti nao wakaanza kuletwa kwa magari kutoka Kiseke. Odeta aliwapokea kwa sharti moja: kila mtoto avae fulana kuukuu, ashike dumu kama wenzake, na jina la baba yake libaki garini.

Katika moja ya magari hayo ndimo alimofika Winnie Machibya, amemleta binti yake, Precious.

Odeta alimtambua kabla hajashusha kioo. Walikua pamoja. Mama yake Odeta, Roza, alikuwa akifua na kupiga pasi kwa Mzee Machibya, mwenye malori, na alikuwa akienda kazini na mwanawe. Winnie alikuwa mtoto wa pekee, naye alimng'ang'ania Odeta kiasi kwamba baba yake aliamua kumlipia ada katika shule ileile ya binti yake, yenye basi na sare nzuri. Wakawa wanalala kitanda kimoja wakati wa likizo. Odeta alikula mezani sebuleni, na mama yake alikula jikoni kwenye kigoda. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo kwa ubaya. Ndivyo nyumba ile ilivyokwenda, na Odeta aliizoea mapema kuliko alivyopenda kukumbuka.

Siku moja ilifanyika sherehe ya kuzaliwa kwa Winnie, na wenzao wa darasani walijaa uani. Msichana mmoja akaonyesha kidole upande wa kamba za nguo.

"Yule anayeanika ni nani?"

"Dada wa kazi," Odeta akajibu upesi.

Winnie aliinamisha uso. Roza alikuwa amewapa mgongo. Akaendelea kuanika mashuka.

Ajali ilitokea wakiwa darasa la saba. Winnie alikuja Igogo na kushikilia kwamba lazima apande mtumbwi wa Mzee Zadok, baba yake Odeta. Odeta alimkatalia. Baba yake alikuwa amekataza, na upepo ulikuwa umebadilika. Lakini Winnie alikwisha kuingia na kasia mkononi, akijisukuma, na Odeta akaruka ndani kwa sababu hakuweza kumwacha aende peke yake. Wimbi la pili liliwapindua. Odeta alimkamata mwenzake kwa nyuma, kidevu juu, kama baba yake alivyomfundisha, akamvuta mpaka miguu yao ikagusa chini.

Mzee Machibya alipomuuliza binti yake nani alitoa wazo lile, Winnie alisema ni Odeta.

Roza hakuitwa tena kazini. Ada ilikatika. Odeta alimalizia darasa la saba shule ya jirani, na baada ya hapo masomo yakaishia njiani. Jioni ya siku ile ya ajali mama yake alimchapa kwa fimbo ya mpera huku akilia mwenyewe, na Odeta hakusema neno la kujitetea. Aliona kama fimbo ile ilikuwa inamtafuta tangu siku ya sherehe.

Sasa Winnie ana duka la dawa mjini. Jumamosi kadhaa alimshusha Precious na kubaki ndani ya gari, vioo juu. Kisha asubuhi moja alitoka, akaja hadi Odeta alipokuwa akikusanya madumu.

"Nataka nikujengee bwawa," akasema. "Bwawa la vigae, la kisasa. Watoto wasihangaike."

"Bwawa litawasaidia nini? Wanaozama wanazama humu ziwani."

Winnie akakaa kwenye changarawe na gauni lake zuri.

"Unajua kwa nini nataka kukujengea."

"Najua."

"Baba alinikazia macho, Odeta. Nikataja jina lako. Nilidhani watakugombeza tu, yaishe. Halafu kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kusema."

Odeta aliweka dumu chini. Alikuwa amengoja maneno hayo kwa miaka mingi kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na yalipofika akagundua kwamba hasira yake haikuwepo tena pale alipoiacha.

"Mimi ulinikosea," akasema, "lakini mimi nilikuwa rafiki yako. Nilijua unavyomwogopa baba yako. Nilikusamehe zamani. Mama yangu hakuwa rafiki yako. Yeye alikuwa anawafulia nguo. Yupo hai, anakaa pale juu mlimani, kwenye mawe. Nenda ukamwambie."

"Peke yangu?"

Odeta alisogeza madumu kando. "Twende wote. Na mimi nina langu."

Walimkuta Roza mlangoni, anachambua dagaa kwenye ungo.

"Shikamoo mama," Winnie akasema.

"Marahaba. Wewe ni Winnie wa Machibya. Umenawiri. Kaa."

Winnie hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia kasia hadi lile neno alilomwambia baba yake. Mikono ya Roza ikasimama juu ya ungo. Hakumtazama Winnie hata kidogo. Alimtazama mwanawe.

"Nikakuchapa," akasema. "Ukakaa kimya nikakuchapa."

"Mama, kulikuwa na sababu. Siku ile ya sherehe, walipouliza wewe ni nani, mimi nilijibu..."

"Dada wa kazi," Roza akamalizia. "Nilisikia. Nilikuwa kwenye kamba, sikuwa Musoma."

Odeta akachuchumaa mbele ya ungo.

"Ulitaka kukaa kwenye ile meza," Roza akasema polepole. "Hata mimi nilitaka ukae. Unadhani kwa nini sikugeuka? Nilijificha nyuma ya mashuka wasije wakaona tunavyofanana." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nisamehe ile fimbo, mwanangu."

Baadaye ndipo alipomgeukia Winnie. "Kazi nilipata nyingine, mama. Kufua hakukosekani. Ila shule ya huyu haikupatikana tena, na sitakudanganya kwamba si kitu." Winnie akaanza kulia, na Roza akamsogezea kigoda. "Lia. Ukimaliza unisaidie hawa dagaa, mvua ile inakuja."

Wakawachambua wakiwa watatu, bila maneno mengi, mpaka matone ya kwanza.

Urafiki wao haukurudi kama ulivyokuwa, na Odeta hasemi kwamba umerudi. Hajawahi kukanyaga tena nyumba ya Mzee Machibya kule Kiseke. Bwawa halikujengwa. Lakini Winnie hakai tena garini. Siku hizi ndiye anayepeleka watoto wote kupimwa kichocho, na wenzake wakimuuliza dukani anakimbilia wapi kila Jumamosi, anawaeleza, pamoja na sababu.

Roza alikuwa hajashuka ziwani tangu mwaka wa ajali ile. Hakuwahi kumwona mwanawe akifundisha. Jumamosi moja baada ya mvua zile akateremka na kigoda chake, akakiweka karibu na maji, akakaa kutazama. Wasichana walikuwa wamejipanga, wakipiga miguu, na Odeta yupo katikati yao, maji kifuani, anasifia, anakemea, anamshika huyu tumbo, anamwachia yule. Roza alitazama muda mrefu na kiganja juu ya macho, kisha akainuka nusu na kupaza sauti:

"Odeta! Yule wa mwisho anachoka, msogelee!"

"Nimemwona, mama!" Odeta akaitikia, akaenda.